Msitu Nisioufyeka

Baba yangu alikufa nikiwa Misri. Barua ya kunipasha habari ilipofika nilikuwa nimebakiza miezi minne kumaliza masomo yangu katika chuo kikuu cha huko, nami nikaimaliza. Niliporudi Bagamoyo nilikuta nyumba ya mjini imekwisha gawanywa, na fungu langu ni lile ambalo hakuna ndugu aliyelitaka: kipande cha nchi kwenye njia ya Mkange, nusu siku kwa miguu, minazi thelathini mbele na nyuma yake msitu.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenikabidhi habari hiyo. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, msomi wetu. Umepata shamba."

"Nimesikia ni msitu."

"Ni shamba lenye uvivu. Baba yako alichoka kabla hajalimaliza. Wewe lifyeke lote, upande minazi, miaka saba unakula."

"Kwa nini nilifyeke lote?"

Akaacha ukili, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini wali hupikwa.

Tabia hiyo ya kuuliza sikuitoa Misri, nilikwenda nayo. Huko walinifundisha tu kuuliza kwa utaratibu. Lakini Misri ilinipa jambo jingine ambalo sikulitarajia. Nilikaa miaka mitano katika nchi ambayo kila shubiri imelimwa, kila mti umepandwa na mtu na una mfereji wake. Niliona bustani za wakubwa, na kwa kweli zilinipendeza, maji yakipita katikati ya mikomamanga kama yameamrishwa. Ila katika miaka mitano sikuona hata mara moja mti uliojiotea wenyewe. Nilikuwa sijui kwamba kitu hicho kinaweza kumkosesha mtu raha.

Basi siku ya kwanza nilipoingia katika msitu wangu, nikifuatwa na msimamizi aliyewahi kufanya kazi kwa baba, niliamua kabla hatujafika katikati. Yeye alikuwa Mkwere wa Fukayosi, mtu wa makamo, mchache wa maneno mpaka umchokoze. Tulipita kwa shida. Nchi ilikuwa ya mawe na makorongo, na kila baada ya hatua kumi palikuwa na shimo la wachimba sandarusi wa zamani. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliogandamana ardhini; Wahindi wa mjini huununua na kuupeleka ng'ambo, unakotumika kung'arishia mbao. Waliouchimba hapo walikuwa wamekwenda zamani, wakaacha mashimo yamefunikwa na majani, tayari kumvunja mtu mguu.

Katikati miti ilikuwa mirefu, mikongo na misandarusi na mibungo imejizungusha juu yake. Tukasimama kupumzika, na juu yetu wakasimama mbega. Walikuwa kumi hivi, weusi, mabega meupe, kama makadhi waliovaa majoho, na walitutazama bila haraka kama makadhi vilevile.

"Nyama tamu," msimamizi akasema.

"Hawa hawaliwi," nikamwambia. "Sehemu ya mbele nitaifanya bustani. Hapa katikati hapaguswi. Hakuna shoka, hakuna mtego, hakuna upinde."

"Kwa nini?"

Lilikuwa swali langu, nikashangaa kulisikia kinywani mwa mtu mwingine. Nikamjibu kwamba nataka pawe mahali ambapo kitu kinaweza kuishi bila kuniomba ruhusa. Akatikisa kichwa taratibu, jinsi mtu anavyofanya akisikia habari za ugonjwa.

Vijana wenzangu wa mjini walinicheka nilipokwenda Fukayosi kukodi watu kwa ujira wa vitambaa. Walisema mwenye akili angenunua watumwa wanne na kuwasahau shambani. Nyumbani kwetu watumwa walikuwapo. Mmoja alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Nilipokuwa Misri niliwauliza walimu wangu juu ya jambo hilo na majibu yao hayakunitosha, nikaona afadhali nisiwe na mtu wa kumtazama usoni kila asubuhi nikiwa bado na swali lile. Nikakodi Wakwere sita.

Walipokusanyika siku ya kwanza, shoka mabegani, msimamizi akanivuta kando.

"Bwana mdogo, kabla ya shoka la kwanza tumwite mganga aje afinge."

Kwetu mtu akifungua shamba huzika fingo, dawa iliyofungwa kitambaani, kwenye pembe zake na chini ya mti mmoja mkubwa. Mwizi akiingia hupotewa na njia, nguruwe hugeuka nyuma. Ndivyo inavyosemwa.

"Umewahi kumwona mwizi aliyepotezwa na fingo?" nikamwuliza.

"Nimewaona wengi ambao hawakuja."

Lilikuwa jibu zuri, na wakati ule sikupenda jibu lililo zuri kuliko langu. Nikapanda juu ya kisiki, nikawaambia wote kwa sauti: "Sikilizeni. Hapa hapafingwi. Msitu huu hauna fingo, hauna pepo, hauna kitu chochote cha kumdhuru mtu. Mtakaporudi makwenu semeni hivyo!"

"Tutasema," mmoja akajibu, na wengine wakacheka.

Nikapiga shoka la kwanza mwenyewe, nikangoja. Hakikutokea kitu ila malengelenge.

Kazi ya mbele ilituchukua misimu miwili ya mvua. Ninaisema kwa fahari, maana hakuna aliyeniamini. Mawe tuliyoyang'oa tuliyapanga yakawa kuta fupi za kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mashimo ya zamani sikuyafukia. Nilitambua kuwa unyevu hukaa humo, nikapanda migomba katika makubwa na malimau kandokando ya madogo. Njia niliipitisha palepale yalipoiruhusu mashimo, ikazungukazunguka, na watu wakadhani nimeifanya hivyo kwa urembo. Nilileta miche ya vilua kutoka Pangani, nikapanda asumini, mrehani, mikomamanga miwili. Nilileta na mawaridi. Mawaridi waliyala paa asubuhi moja, wakaacha miiba. Nikawapandia paa ukanda wa kunde pembezoni mwa msitu ili washibe huko. Wakala kunde, kisha wakaja wakamalizia mawaridi.

Sikukasirika sana. Ile ilikuwa dalili kwamba wameanza kuzoea. Wafanyakazi nao waliacha mitego pole pole, kwa sababu niliwafanyia hesabu nyepesi: anayetega hapati samaki wangu wa ng'onda, asiyetega anapata. Kufika mwaka wa pili ndege wa hondohondo walikuwa wakishuka kula matunda ya mfuu hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nilijenga baraza ndogo ya udongo mwisho wa bustani, mahali msitu unapoanzia, na nikajiambia kwamba katika pwani nzima hakuna mtu mwenye mahali pake peke yake kama mimi.

Kiangazi kilipoanza nilikwenda mjini kwa Idi, nikakaa siku tisa. Niliporudi nilisikia mashoka kabla sijafika kwenye minazi.

Msimamizi alikuja kunilaki njiani. "Nimewaambia watoke," alisema. "Wamenicheka."

Walikuwa watano, wachimba sandarusi. Mikongo mitatu ilikuwa chini, na mashimo mawili mapya yalikuwa wazi kama majeraha. Mbega hawakuonekana. Mkubwa wao alikuwa mtu mwembamba mwenye udongo mwekundu mpaka kwenye kope.

"Nani amewapa ruhusa?" nikauliza.

"Salamu kwanza, bwana. Hujambo?"

"Sijambo. Nani amewapa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Minazi yako hatujaigusa. Bustani yako tumeizunguka, hata ua hatukuchuma. Huku ni porini."

"Huku ni kwangu. Nimerithi kwa baba yangu."

"Umerithi minazi. Pori halirithiwi. Nionyeshe shoka la baba yako lilipopita humu. Nionyeshe mnazi. Nionyeshe hata fingo!" Akawageukia wenzake. "Tungekuta fingo tungekwenda zetu, si uongo?"

"Tungekwenda mbio," mmoja akasema.

"Lakini habari zilifika mpaka Mkange kwamba mwenyewe amepanda juu ya kisiki akatangaza hapa hapana kitu. Tukasema, basi, huyu ni mtu mwema, anatukaribisha."

Walicheka wote watano. Nilisimama pale nikaona wazi kosa langu, na lilikuwa kosa la msomi. Nilikuwa nimeuliza kama fingo linafanya kazi. Sikuuliza linasema nini. Katika nchi ambayo ardhi ni ya aliyeifyeka na mti ni wa aliyeupanda, fingo lilikuwa neno moja tu lililozikwa ardhini: hapa pana mwenyewe. Mimi nililifuta neno hilo kwa sauti, mbele ya mashahidi sita.

Nikaenda kushtaki kwa jumbe wa kijiji cha jirani, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya nchi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamsikiliza na mchimbaji, kisha akaniuliza:

"Mbele umefyeka, mbele ni pako, hakuna ubishi. Huko nyuma kuna kazi gani ya mkono wako?"

"Kazi yangu huko ni kupaacha."

Baraza zima likaangua kicheko. Jumbe hakucheka.

"Kuacha si kazi, mwanangu. Ingekuwa kazi, wavivu wote wangekuwa matajiri wa ardhi. Ukipafyeka ni pako. Usipopafyeka, mimi siwezi kumzuia mwenye jembe. Nakupa mpaka mwezi uandame. Nitakuja mwenyewe. Nikikuta kazi yako, hawa watatoka. Nikikuta pori, wataendelea."

Zilibaki siku kumi na sita, na wachimbaji waliamriwa wasikate mti mwingine mpaka siku hiyo.

Msimamizi alishauri tukate mistari tupande minazi. Lakini mnazi hauoti kivulini. Ili kuutia ndani ningelazimika kuutoa msitu wenyewe. Ili uwe wangu ilinibidi niuue. Shangazi naye alikuja juu ya punda, akashuka, akatazama asumini, akachuma moja akaivaa sikioni bila kuomba.

"Tia fingo," akasema.

"Siliamini, shangazi."

"Nani kakwambia uliamini? Litie."

"Nimekwisha sema mbele ya watu kwamba sitii. Nikitia sasa, kila mtu atajua ni mfuko wa majani."

"Hapo sasa," akasema. "Mdomo umeponza kichwa. Basi fyeka, uwe na kitu mkononi. Nyani hawakukuzaa wala hawatakuzika."

"Ni mbega, shangazi."

"Hata kama ni mashehe!"

Alipoondoka nilifungua sanduku langu la vitabu. Mchwa walikuwa wamekula jalada la kile cha sheria nilichokihitaji, lakini kurasa zilikuwa nzima. Nilitafuta mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, nikitumaini kupata kauli ya kuniokoa, nikakuta ya kuniponda. Sheria ilikuwa upande wa jumbe. Mtu wa kawaida hawezi kujizungushia pori, akalizuia kwa watu, akaliita lake. Niliposoma hivyo nilitaka kubishana na kitabu, nikakosa hoja. Hata mimi nisingependa kila tajiri ajizungushie nchi.

Kurasa chache mbele nikakuta visima. Anayechimba kisima katika ardhi isiyo na mwenyewe, kisima ni chake, na pamoja nacho kile kinachohitajiwa na kisima pande zote. Nikasoma tena. Kitabu kilitaja mahali pa kusimama mchotaji, mahali pa kumwaga maji, njia ya wanyama. Hakikutaja miti. Lakini hakikusema kwamba miti haimo.

Asubuhi nilikwenda kwenye kambi ya wachimbaji. Walikuwa wanagawana maji ya kibuyu, funda kwa funda. Mto ulikuwa mbali na kiangazi kilikuwa kikali.

"Mnachimba mashimo mazuri," nikamwambia mkubwa wao.

"Umekuja kutusifu au kutufukuza?"

"Nimekuja kuwakodi. Nichimbieni kisima katikati ya msitu, bila kukata mti. Sandarusi mtakayoikuta humo ni yenu, na maji mtakunywa."

"Na mwezi ukiandama?"

"Tutasimama mbele ya jumbe, kila mtu na lake."

Akafikiri. "Yaani unatulipa tukuchongee rungu la kutupigia."

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Angalau husemi uongo. Unatoa nguo ngapi?"

Sijaona watu wanaojua udongo kama wale. Mkubwa wao aliushika, akaunusa, akaugusa kwa ulimi. Alikataa mahali nilipopachagua, akachagua kibonde chini ya mikongo ambako mashimo ya zamani yalikuwa na matope hata wakati ule. Alinionyesha kwamba mashimo yaliyo juani, upande waliokata wachimbaji wa zamani, yalikuwa makavu kama vyungu. Alinionyesha bila kujua ananipa nini, au labda alijua. Siku ya tano tulifika kwenye jiwe, tukalivunja kwa mtaimbo siku tatu. Siku ya kumi na mbili aliye chini alipiga kelele, tukadhani ameumia. Alikuwa amesimama katika maji ya kifundo cha mguu. Kesho yake yalifika magotini, machafu, na keshokutwa yakatulia.

Jumbe alikuja mwezi ulipoandama, na wazee wake wanne. Alitazama miti yote iliyobaki imesimama, kisha akatazama mdomo wa kisima tuliouzungushia mawe.

"Hii ni kazi," akasema. "Kisima ni chako. Lakini kisima ni hatua mbili. Umeniletea kesi ya msitu."

Nikamweleza sheria. Nikamwambia kisima kina haki ya kile kinachokihitaji, na kisima hiki kinahitaji kivuli. Mzee mmoja akasema kisima hakina miguu wala kichwa, hakiumwi na jua. Nikawachukua mpaka kwenye mashimo makavu ya upande uliokatwa, nikashuka katika mojawapo, nikachota udongo, ukapeperuka. Kisha nikawarudisha kwenye mashimo ya chini ya miti, nikachota tope nikaliweka mkononi mwa yule mzee. Akalitazama, akakosa pa kujifutia.

Jumbe akamgeukia mchimbaji. "Wewe ndiye unayejua udongo. Anasema kweli?"

Mchimbaji akajikuna kope.

"Kweli," akasema. "Mikongo hii ikikatwa, kiangazi kijacho atachota mchanga."

Jumbe akaomba maji. Akanywa kata nzima, akabaki ameishika.

"Wanawake wa kijijini kwangu wanakwenda mtoni alfajiri wanarudi adhuhuri. Kisima hiki ni chako. Maji je?"

Nilijua kitabu kinasema nini hapo, na nilijua njia ya pekee ya kufika kisimani inapita wapi. Ilipita kwenye minazi, ikakata bustani yangu yote, ikapita mbele ya baraza yangu. Nilitazama juu. Mbega mmoja alikuwa amerudi, amekaa kwenye panda ya mti.

"Maji ni ya kila mwenye kiu," nikasema. "Na njia ipo."

Jumbe akatangaza kwamba miti inayokifunika kisima, kuanzia minazi mpaka kwenye mstari wa mashimo makavu, ni ya kisima, na mwenye kuikata amekata kisima. Mchimbaji alikusanya mitaimbo yake. "Rungu zuri," akaniambia, nasi tukapeana mikono. Waliondoka kuelekea upande wa Vigwaza, vibuyu vimejaa.

Hivyo ndivyo nilivyoupata msitu na kuipoteza bustani, kama bustani ni mahali pa kuwa peke yako. Kuanzia kesho yake wanawake walipita kila alfajiri, mitungi kichwani, wakisimuliana mambo ya waume zao mbele ya baraza yangu kana kwamba mimi ni nguzo. Walichuma asumini. Walichuma mrehani. Walinieleza mikomamanga yangu nimeipanda vibaya, na walikuwa sahihi. Mwanzoni nilihesabu maua yaliyopotea. Baadaye nikapanda mengine. Mbega waliwazoea upesi kuliko mimi, na funo, wale paa wadogo, walikuja kunywa jioni kwenye maji yaliyomwagika, jambo ambalo kabla ya hapo sikuwahi kuliona.

Nilipata wasiwasi mmoja tu: nani ataulinda msitu nikiwa mjini? Nilifikiria kumwajiri mlinzi. Kisha asubuhi moja niliingia na panga, nikaanza kukata tawi la mkongo lililoninyima kuona kiota cha hondohondo. Sauti ikatoka kisimani kama jiwe.

"We kijana! Weka chini hilo panga!"

Alikuwa mwanamke mnene, mtungi wake nusu umejaa, mkono kiunoni.

"Mama, mimi ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa kisima. Na wa msitu."

"Basi wewe ndiye ungepaswa kujua," akasema. "Mti huu ni wa kisima. Unataka tunywe mchanga?"

Wenzake wawili waliweka mitungi chini, wakaja wakasimama ubavuni kwake. Niliweka panga chini. Yule mama alilichukua, akalipachika chini ya mkono, akaniambia nitalikuta kwake kijijini nikiwa na haja nalo ya maana.